Skana ya mtumba: Mwendo wa kigari ndio wa kukaguliwa kwanza

Kwa mwenye kibanda cha kutoa nakala huko Kabalagala, jijini Kampala, skana bapa ya mtumba ni riziki. Lakini mteja aliyeleta cheti cha kuzaliwa kilichokunjwa mara nne pengine hana kingine, na nakala mbovu itamrudisha foleni.

Ndani ya mashine mna kigari kinachobeba kihisi, kikivutwa relini na mota ndogo kwa mkanda wenye meno. Mkanda ukilegea, au grisi ya reli ikikauka, kigari husitasita na maandishi hupinda. Jaribio ni jepesi: mnunuzi alaze rula sambamba na mwendo wa kigari, kisha akague picha yake. Milimita zikibanana hapa na kuachana pale, aiache. Mstari mmoja ulionyooka juu hadi chini si wa kutisha sana. Mara nyingi ni vumbi tu.

Skana nyembamba, za aina ya CIS, nyingi hutosheka na umeme wa waya wa USB, hivyo hufanya kazi na kompyuta ya mkononi umeme unapokatika. Hata hivyo, huona vyema kile tu kinachogusa kioo. Za CCD, nene na zenye vioo na lenzi ndani, husoma hata penye mkunjo. Kwa vyeti vya namna ile, uzito huo unafaa kubebwa.

Baadhi ya skana zina kufuli ya kigari, chini au ubavuni. Isipofunguliwa, mota hunguruma bure, na mashine nzima hudhaniwa imekufa.