Bendi inanunua muziki wake: anzeni na umeme, malizieni na spika

Ukipita Katoro, Kahama au Kakola mwisho wa wiki, utasikia muziki kabla hujauona ukumbi. Kuna harusi, kuna baa zinazosubiri wachimbaji watoke maduarani, na kuna mikutano ya hadhara. Bendi zipo, waimbaji wa nyimbo za asili wapo, kwaya zipo. Lakini shughuli ikiisha na fedha zikihesabiwa, wa kwanza kulipwa ni mwenye muziki. Wanamuziki wanagawana kilichobaki.

Jambo hili lina historia. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, vyombo vyake vilikuwa mali ya chama, na wanamuziki walikuwa waajiriwa. Bendi nyingine za miaka ile zilikuwa chini ya mashirika ya umma, na nyingine chini ya wafanyabiashara. Mwanamuziki akihama, gitaa lilibaki. Aliyekuwa na vyombo ndiye aliyekuwa na bendi.

Ndiyo maana swali la wasikilizaji wetu wanaopiga muziki, "tununue spika gani?", tunalichukua kwa uzito. Kikundi kinachojichangisha na kukosea hakipotezi fedha tu. Mara nyingi bendi yenyewe huvunjika. Hapa tunaeleza kwa utaratibu mambo ya kuangalia, na kwa nini spika, ambayo kila mtu huanza nayo, inatakiwa kuja baadaye.

Kwanza: mkodi au mnunue?

Tufanye hesabu ya mfano. Bendi ya watu sita inalipwa shilingi 600,000. Muziki wa kukodi ni 200,000, usafiri 100,000. Zinabaki 300,000, yaani 50,000 kwa kila mtu. Tuseme seti ya kununua inagharimu 4,800,000. Gawanyeni kwa 200,000 mnazolipa kukodi, mtapata maonesho 24. Mkiwa na kazi nne kwa mwezi, seti imejilipa ndani ya miezi sita. Mkiwa na kazi moja kwa mwezi, itachukua miaka miwili, na ndani ya muda huo kuna matengenezo, mafuta ya jenereta na mahali pa kuhifadhi.

Wekeni bei zenu halisi kwenye hesabu hiyo. Kama kazi ni chache, endeleeni kukodi muziki mkubwa, lakini nunueni vitu vidogo vinavyobeba sauti yenu: maiki, waya na stendi zake. Hivyo mnaweza kuvichomeka kwenye muziki wa mtu yeyote.

Pili: umeme ndio msingi

Umeme wa TANESCO unatakiwa kuwa volti 230. Kwenye machimbo na vijiji vingi bendi hupigia jenereta, na hapo ndipo vyombo vingi vinakufa.

Anzeni kwa kusoma nyuma ya kila chombo, karibu na tundu la waya wa umeme. Namba iliyoandikwa hapo ni kiasi cha umeme kinachotumika. Msiichanganye na ile kubwa iliyobandikwa mbele kwa mapambo. Kwa mfano, spika mbili zenye ampilifaya ndani zinatumia wati 300 kila moja, ampilifaya ya besi 300, ya gitaa la solo 150, kinanda na miksa 100, taa 100. Jumla ni wati 1,250. Ongezeni nusu yake kwa ajili ya ngoma na besi zinazogonga kwa ghafla, mnakaribia wati 1,900.

Jenereta nyingi zinaandikwa kwa kVA. Kwa makadirio, zidisheni kVA kwa 0.8. Jenereta ya kVA 2.5 inatoa takriban wati 2,000, kwa hiyo inawatosha. Angalieni pia kwamba jenereta huwa na namba mbili, moja ya nguvu ya juu kabisa kwa muda mfupi, nyingine ya kufanya kazi mfululizo. Hesabu ifanyike kwa hiyo ya pili. Kale kajenereta kadogo ka wati 650 kanakofaa kwa taa na televisheni hakawezi kubeba bendi hii.

Matumizi nayo yana kanuni zake. Washeni jenereta kwanza, iacheni itulie, ndipo mchomeke vyombo. Zimeni vyombo kabla mafuta hayajaisha, kwa sababu jenereta inayokata roho huyumbisha volti. Msiichanganye na mashine ya kusaga au ya kuchomelea kwenye jenereta moja. Na kamwe isikae ndani ya ukumbi wala karibu na dirisha, maana moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua.

Waya wa kutoka kwenye jenereta una maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Waya wa mita 30 wenye unene wa milimita za mraba 0.75, ukibeba ampia 10, hupoteza takriban volti 14 njiani, tena hupata moto. Wa milimita za mraba 2.5 hupoteza takriban volti 4. Kama waya umezungushwa kwenye roli, ufungueni wote kabla ya kuanza. Ukibaki umeviringika, joto halina pa kutokea.

Tatu: sauti ya mwimbaji

Usukumani tuna kipimo chetu cha zamani. Bagalu na Bagika wakishindana, vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni anayevuta watu wengi upande wake. Wengi wetu tumebeba fikra hiyo hadi kwenye spika, tukiamini kuwa mwenye kishindo ndiye mshindi. Lakini manju hakuvuta watu kwa ngoma peke yake. Walisogea ili wasikie anachosema, amemsifu nani na amemchoma nani. Besi ikifunika maneno, mmepoteza nusu ya muziki wenu.

Kwa hiyo, fedha nzuri iende kwenye maiki. Kwa jukwaani nunueni maiki za waya za aina ya dainamiki, zinazopokea sauti ya mbele na kukataa ya nyuma. Zinavumilia vumbi, jasho na kuanguka. Shure SM58, iliyoingia sokoni mwaka 1966, bado ni kipimo cha aina hii duniani, na kwa sababu hiyo hiyo ni kati ya maiki zinazoghushiwa sana. Bei ikiwa ya kushangaza, shangaeni kweli. Maiki halisi ya bei ya kati ni bora kuliko ya bandia yenye jina kubwa.

Maiki zisizo na waya zinapendeza, lakini ulizeni masafa yake. Sehemu ya masafa yaliyokuwa ya televisheni, megahezi 700 na 800, sasa inatumiwa na mitandao ya simu. Maiki ya zamani ya masafa hayo inaweza kukatika katikati ya wimbo, hasa karibu na mnara.

Spika zikipiga mluzi, mara nyingi kosa liko kwenye mpangilio. Spika kubwa zikae mbele ya waimbaji, zikiwatazama watu. Monita ya jukwaani ikae mbele ya mwimbaji, ikitazama mgongo wa maiki. Na mwimbaji asifumbate kichwa cha maiki kwa kiganja, maana maiki inaanza kupokea sauti kutoka kila upande na mluzi unakuja.

Nne: miksa

Hesabuni njia mnazohitaji kabla ya kwenda dukani. Waimbaji watatu, mshereheshaji mmoja, solo, besi, ngoma mbili, kinanda njia mbili, simu au kompyuta njia mbili: jumla ni 12. Sasa angalieni kwa makini. Miksa inayoitwa ya chaneli 12 inaweza kuwa na matundu ya maiki manne au sita tu, na zilizobaki ni za kinanda na simu. Hesabuni matundu ya pini tatu kwa macho yenu. Hakikisheni pia kuna angalau njia moja ya kutolea sauti ya monita, ili waimbaji wapate mchanganyiko wao tofauti na wa watazamaji.

Tano: sasa spika

Wati peke yake hazisemi spika ina sauti kiasi gani. Ukiongeza wati mara mbili, sauti inapanda kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua lakini si kubwa. Ili watu wahisi sauti imeongezeka mara mbili, unahitaji takriban wati mara 10. Ulizeni namba nyingine: spika inatoa desibeli ngapi kwa wati moja ukiwa mita moja. Yenye desibeli 97 inafanya kwa wati 100 kazi ambayo yenye 94 inaifanya kwa wati 200. Kwenye jenereta, tofauti hiyo ni mafuta.

Uwanjani, kila umbali unapozidishwa mara mbili, sauti inapungua kwa desibeli 6. Ndiyo maana muziki uliotikisa ukumbi mdogo unapotea kwenye mnada. Kabla ya kuongeza spika, zinyanyueni. Stendi zinazoweka tweta juu ya vichwa vya watu zinaipeleka sauti mbali. Spika iliyowekwa chini inawahubiria wa mstari wa mbele tu.

Je, mchukue zenye ampilifaya ndani au nje? Zenye ampilifaya ndani hubebeka kwa urahisi, zinaingia kwenye kirikuu pamoja na wanabendi, na moja ikiungua nyingine inaendelea. Lakini kila moja inahitaji umeme wake, na bodi yake ikiungua si kila fundi anaiweza. Zenye ampilifaya ya nje zinatengenezeka kirahisi, ila mjue ohmu. Spika mbili za ohmu 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa ohmu 4. Kama ampilifaya haijaandikwa kwamba inakubali ohmu 4, itapata moto na kuungua. Kwa aina zote, feni na matundu ya hewa vinahitaji kusafishwa. Vumbi la barabara zetu ni adui wa kila siku, hivyo kila spika iwe na koti lake.

Kwa bendi ya watu sita inayopiga kumbi za kawaida, spika mbili nzuri za inchi 12 au 15 juu ya stendi na monita mbili zinatosha kuanzia. Sabufa zifuate baadaye, kazi zikiruhusu.

Arthi haina mbadala

Mpiga gitaa akigusa maiki kwa mdomo na kupigwa shoti, wengine hucheka. Si jambo la kuchekwa. Maana yake kuna umeme unaovuja na hauna njia ya kwenda ardhini. Wapo wanaokata pini ya arthi ili kuondoa mvumo kwenye spika. Mvumo unaweza kuondoka kweli, lakini mwili wa mwanamuziki ndio unaobaki kuwa arthi. Dawa ya mvumo ni kuchomeka vyombo vyote kwenye chanzo kimoja cha umeme na kutenganisha waya za sauti na za umeme. Ongezeni swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30, na fundi umeme aipime kwenye jenereta yenu, kwa sababu haifanyi kazi sawasawa kama arthi haijafungwa vizuri.

Masikio nayo ni kifaa cha kazi. Kanuni ya afya kazini inayotumika sana ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda salama unapungua kwa nusu. Kwa desibeli 100 ni dakika 15. Kwa majirani, Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, zinazosimamiwa na NEMC. Chukueni kibali cha shughuli mapema na mjue mwisho wa saa.

Andikeni kabla ya kulipa

Vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vilivyosajiliwa vinaweza kuuliza halmashauri kuhusu mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani. Iwe ni mkopo au mchango, andikeni karatasi moja kabla ya kwenda dukani: nani ametoa kiasi gani, vyombo ni vya nani, anayetoka kwenye bendi analipwaje, na asilimia ngapi ya kila kazi inabaki kwa matengenezo. Wote wasaini.

Dukani nendeni na mwimbaji wenu na maiki mnayotumia. Washeni kila njia, geuzeni kila kitufe, pigeni kwa nusu saa, kisha gusa nyuma ya spika muone joto. Chukueni risiti na maelezo ya dhamana kwa maandishi. Mkifika nyumbani, fundisheni watu wawili, si mmoja, utaratibu huu: miksa huwashwa kwanza na spika mwisho. Wakati wa kuzima, spika huzimwa kwanza.

Seti ndogo iliyolipwa, ambayo kila neno la mwimbaji linasikika, inawapa uwezo wa kukataa kazi isiyolipa na kupanga bei yenu wenyewe. Kama mna swali kuhusu chombo fulani, tutumieni picha ya maandishi ya nyuma yake, yale ya karibu na tundu la umeme. Hapo ndipo tutaanza kusoma pamoja nanyi.