Mzima kwa Macho: Ugonjwa Unavyovuka Mpaka na Mnyama Mwenye Afya

Malori yanayotoka Likasi kwenda Kolwezi hayapiti Fungurume kwa haraka. Barabara imejaa magari ya migodi, na dereva akisimama karibu na soko, watu wanakuwa wamekwisha kumzunguka: huyu anauliza bei ya unga, yule anataka kujua kama mbuzi waliofungwa juu ya magunia ya makaa wanauzwa. Mnunuzi humpapasa mbuzi mgongoni, humfunua mdomo na kumhesabu meno, humwinua mkia kutazama kama anaharisha, halafu hutoa hela. Karatasi ya daktari wa mifugo haiulizwi na mtu. Mnyama anatembea, anatafuna, macho yake yanang'aa. Cha kuuliza zaidi ni kipi?

Cha kuuliza ni siku. Mbuzi aliyeambukizwa sotoka ya mbuzi na kondoo huanza kuonyesha dalili baada ya siku 4 hadi 6 hivi: homa, kamasi, vidonda mdomoni, kisha kuharisha. Lori likishavuka mpaka wa Kasumbalesa huweza kufika Fungurume kabla hata ya nusu ya muda huo. Kwa hiyo mnyama anaweza kukaguliwa, kupigiwa muhuri, kuuzwa na kulazwa zizini pamoja na wenzake, na wakati wote huo akawa mzima kwa macho. Aliye mgonjwa wazi kila mchungaji humwona na kumkataa. Karantini ilibuniwa kwa ajili ya huyu mwingine, anayependeza, ambaye hakuna anayemshuku.

Kongo imekwisha kulionja hilo. Mwaka 2012 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilipiga mbiu kwamba sotoka ya mbuzi ilikuwa inasambaa nchini na kutishia mbuzi wapatao milioni moja na kondoo 600,000. Miaka miwili kabla yake shirika hilohilo lilikuwa limeonya kwamba ugonjwa uliokwisha kuingia Tanzania ungeweza kushuka hadi kusini mwa Afrika, kwenye mbuzi na kondoo zaidi ya milioni 50. Kwa mtu wa Fungurume onyo hilo si la mbali. Tenke, jirani kabisa, ndipo reli zinapogawanyika: moja inakwenda Kamina na kuendelea hadi Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine inakwenda Kolwezi na Dilolo kwenye mpaka wa Angola. Mifugo kutoka pande zote hizo ina njia ya kufika hapa, kwa sababu migodi imeleta watu, watu wana mishahara, na bukari bila kitoweo haishuki vizuri.

Wengi hudhani habari hii inaishia kwa wafugaji. Haiishii hapo. Mwezi Septemba 2016 sotoka hiyohiyo iligunduliwa kwa mara ya kwanza katika mifugo ya Mongolia. Kabla ya miezi minne kupita ilikuwa imehamia kwa saiga, swala wa nyikani mwenye pua nene iliyoinama, na zaidi ya nusu ya saiga wote wa nchi hiyo wakafa. Hakuna aliyewaagiza kutoka nje. Walikula nyasi zilezile walizopita mbuzi. Sasa mtu atazame ramani ya Lualaba na Haut-Katanga: kaskazini kuna Hifadhi ya Taifa ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939, yenye punda milia wa mwisho wanaoishi porini katika Kongo nzima, pamoja na nyati na swala aitwaye korongo. Ujangili umewapunguza sana. Kundi dogo namna hiyo halina akiba ya kupoteza nusu yake.

Mfano mkali kuliko yote, hata hivyo, unatoka katika nchi za baridi, kwa kulungu na elki, yule kulungu mkubwa wa Amerika Kaskazini mwenye pembe za matawi. Kusini mwa Sahara jamii hiyo haipo kiasili. Afrika nzima ina aina moja tu, katika milima ya Aljeria na Tunisia. Mwaka 1967, katika vizimba vya utafiti vya jimbo la Colorado, Marekani, kulungu walianza kukonda, kudondosha mate, kuinamisha vichwa na kufa. Mwaka 1978 ndipo Elizabeth Williams, mtaalamu wa magonjwa ya wanyama, alipotambua kwamba ubongo wao ulikuwa umetoboka-toboka, kama wa kondoo wenye skrepi, ugonjwa uliojulikana Ulaya kwa karne nyingi.

Kinachosababisha hayo si bakteria wala virusi. Ni prioni: protini ya kawaida ya mwili iliyojikunja vibaya, na ambayo kila inapogusana na nyingine huifanya ijikunje vilevile. Haina uhai, kwa hiyo haiuawi. Kupika hakuiondoi. Hutoka na mate, mkojo na kinyesi, hung'ang'ania udongo, na inaweza kubaki hapo kwa miaka ikingoja mnyama mwingine aje kulamba. Chanjo hakuna, dawa hakuna. Mnyama hubeba ugonjwa kwa mwaka mmoja au zaidi bila dalili yoyote, na kipimo cha kutegemewa bado ni kile kinachofanywa kwenye ubongo baada ya kifo. Haijathibitishwa kwamba binadamu yeyote ameupata kwa kula nyama hiyo, lakini wataalamu wanashauri nyama ya mnyama aliyepimwa na kukutwa nao isiliwe.

Ugonjwa huu ulipataje kuvuka bahari? Kwa kibali. Korea Kusini, ambako pembe changa za elki huuzwa ghali kama dawa ya asili, iliagiza elki hai kutoka Kanada katika miaka ya 1990. Mashamba ya elki ya jimbo la Saskatchewan yalikuwa yamekwisha kuambukizwa. Kisa cha kwanza huko kilionekana mwaka 1996. Wanyama walifika Korea wakiwa na afya njema na makaratasi kamili. Mwaka 2001 ugonjwa ulipatikana ndani ya Korea. Waliotia saini wala hawakudanganya: hapakuwa na kipimo ambacho kingewaonyesha ukweli kwa mnyama aliye hai.

Norwei nayo iliukuta mwaka 2016, kwa kulungu wa aktiki katika milima ya Nordfjella, na chanzo chake huko hakijawahi kuhusishwa na uagizaji. Serikali iliamua jambo zito: kundi zima, kulungu wapatao 2,000, likaangamizwa, na kazi hiyo ikamalizika mwaka 2018. Umoja wa Ulaya ulizuia kulungu hai kutoka Norwei wasiingizwe katika nchi zake. Kwa ugonjwa usio na chanjo, usio na dawa na usiopimika kwa uhakika kwa mnyama hai, kufunga mlango ndiyo silaha karibu pekee iliyobaki.

Lualaba haitaagiza elki kesho. Lakini penye fedha ya shaba na kobalti huzuka pia hamu ya kuwa na wanyama. Karibu na Lubumbashi kuna hifadhi binafsi ya Mikembo, na nje ya Kinshasa kuna bustani ya Bonde la N'Sele yenye twiga na punda milia walioletwa kutoka kusini mwa Afrika. Biashara ya wanyama pori wa kufugwa ndani ya uzio ni kubwa huko kusini, na wanaoitamani kwa ajili ya utalii au kwa fahari tu wataongezeka hata upande huu wa mpaka. Si jambo baya. Misitu ya miombo iliyomalizwa na wawindaji ingefaidika kurudishiwa swala wake. Swali ni swala huyo ametoka wapi, na ameishi na nani.

Afrika Kusini inalijua swali hilo kwa uchungu. Mwaka 1990 kifua kikuu cha ng'ombe kiligunduliwa kwa nyati wa Hifadhi ya Kruger. Uchunguzi ulionyesha kwamba kiliingia miongo kadhaa nyuma kutoka kwa ng'ombe wa mashamba ya mpaka wa kusini wa hifadhi, kikasambaa polepole kuelekea kaskazini, kikawafikia simba waliokula nyati wagonjwa. Zambia, upande wa pili wa Kasumbalesa, ina kisa chake: lechwe wa tambarare za Kafue, swala wanaopenda maji na kuchangia malisho na ng'ombe wa wenyeji, wana kifua kikuu hicho kwa kiwango kikubwa. Nyati naye hubeba vimelea vya ndigana bila kuugua. Kupe wakihamia kutoka kwake kwenda kwa ng'ombe, ng'ombe hufa katika wiki chache. Ndiyo maana daktari makini humkagua mnyama masikioni, kwapani na chini ya mkia kabla ya kusoma karatasi yake. Kupe hawaandikwi kwenye cheti.

Wala Afrika haipokei tu. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1921 na Montgomery, aliyefanya kazi Kenya. Ngiri huishi na virusi vyake bila kudhurika, na papasi wa mashimoni mwao huvihifadhi; nguruwe wa kufugwa ndiye anayekufa. Mwaka 1957 vilifika Lisbon kutoka Angola. Mwaka 2007 vilitokea Georgia, pwani ya Bahari Nyeusi, vikiwa vya aina inayojulikana kusini mashariki mwa Afrika, na inadhaniwa viliingia na mabaki ya chakula cha meli. Mwezi Agosti 2018 vilikuwa China, nchi inayochukua sehemu kubwa ya kobalti ya Lualaba, na nguruwe kwa mamilioni wakaangamia. Hapo haidhaniwi kwamba kuna mnyama hai aliyevuka bahari. Huenda kipande cha nyama kilitosha.

Sheria za dunia kuhusu mambo haya zilizaliwa kutokana na kosa la bandari moja. Mwaka 1920 ng'ombe wa nundu kutoka India waliokuwa wakipelekwa Brazil walipitishwa Antwerp, Ubelgiji, wakaacha sotoka ya ng'ombe nyuma yao. Antwerp ndiyo bandari iliyokuwa ikipokea shaba ya Katanga. Mtikisiko huo ulizifanya nchi 28 zikutane Paris na kuunda, tarehe 25 Januari 1924, shirika ambalo leo ni Shirika la Afya ya Wanyama Duniani. Afrika ilikuwa imelipa mapema zaidi: sotoka iliyoingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 ilishuka hadi kuvuka mto Zambezi mwaka 1896, ikiua ng'ombe, nyati, pofu na tandala, na kuwaacha wafugaji na njaa. Ilichukua zaidi ya karne kuimaliza. Chanjo iliyofanya kazi hiyo ilitengenezwa na Walter Plowright huko Muguga, Kenya, na mgonjwa wa mwisho kupatikana duniani alikuwa nyati wa Hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kutoweka.

Kwa sotoka ya mbuzi, FAO na shirika hilo la Paris yamejiwekea lengo la mwaka 2030. Chanjo yake ipo, na hutoa kinga ya miaka mingi kwa sindano moja. Kinachokosekana ni kujua mbuzi wako wapi na wanakwenda wapi.

Mpakani Kongo ina Huduma ya Karantini ya Wanyama na Mimea, chini ya Wizara ya Kilimo. Lakini ofisi bila zizi la kuwatenga wanyama na bila maabara inabaki kuwa dirisha la kulipia. Vipimo si lazima vitoke Ulaya: Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya wanyama, na Kasumbalesa iko umbali wa kilomita 90 hivi. Damu iliyochukuliwa asubuhi inaweza kufika maabara kabla ya mchana. Kuna wanaotaka kila mnyama wa nje apigwe marufuku, na hao wanakosea. Mji unaokula kuliko unavyofuga hautaacha kununua. Marufuku itawahamishia mbuzi kwenye njia za panya, ambako hakuna hata wa kuwatazama. Kinachofaa ni kutofautisha. Mbuzi wa kuchinjwa apelekwe machinjioni moja kwa moja, asilale zizini mwa mtu. Mbuzi wa kufugwa akae karantini wiki tatu. Mnyama pori wa kuachiwa porini apimwe alikotoka na apimwe tena alikofika, na ushahidi wa historia ya kundi lake uonekane. Na kulungu au elki kutoka nchi yenye prioni asikubaliwe kabisa, hata mwenyewe awe nani.

Kuna jambo lisilongoja serikali: tahadhari ya mtu mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2023 Zambia ilikumbwa na kimeta katika majimbo yake 9 kati ya 10. Watu zaidi ya 600 walishukiwa kuugua, 4 wakafa, na miongoni mwa wa kwanza walikuwamo waliokula nyama ya nyati waliokutwa wamekufa. Ukinunua mbuzi wa mbali, mfunge peke yake kwa siku 21, na ndoo yake ya maji iwe yake. Wakifa wawili watatu kwa mpigo, usiwapasue wala usiwagawie majirani nyama. Mwite daktari wa mifugo wa eneo lako siku hiyohiyo.