Acheni Kuniuliza Nani Kamroga

Swali ni lile lile, liwe limetoka Laela, Mpui, Matai au hapa hapa mjini Sumbawanga: "Daktari, mtoto kanipiga. Nani kamtupia?" La pili halichelewi: nimpeleke kwa nani akamtoe? Mimi ni muuguzi wa afya ya akili na maswali haya mawili yamenichosha, kwa sababu kila mara yanapoulizwa yanakuwa yameshakula miezi. Nami nina maswali yangu. Anapiga saa ngapi? Kabla ya kupiga alikuwa wapi? Anampiga nani, na nani hamgusi? Kesho yake anakumbuka alichofanya, au anashangaa kuona mlango umevunjika? Mzazi anayeishi na kijana huyo anayajua majibu yote bila kupigiwa ramli.

Chanzo cha swali nakielewa. Ufipa ni nchi ya watu watulivu. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti huku miaka ya 1960, aliiandika amani ya Wafipa kama fumbo linalotaka maelezo. Sisi tunaosalimiana kwa kuchuchumaa na kupiga makofi, kijana wa miaka 16 akichukua mchi na kuvunja mlango wa mama yake, ukoo mzima unasema hili si letu, limeletwa. Halafu kuna sifa ya uchawi ambayo mji wetu umebandikwa nchi nzima, mpaka wenyeji nasi tumeanza kuishi kwa kuifuata.

Hoja ninayopewa kila siku ni kwamba mganga anaponya. Tuitazame hoja hiyo kwa makini, maana ndiyo inayowaumiza watu.

Kijana mmoja aliletwa na mama yake na baba yake mdogo. Kifuani alikuwa na chale mbichi, mkononi uzi mweusi uliofungwa kwa kukaza hadi ngozi imevimba pande zote mbili. Baba mdogo aliapa kwamba kwa mganga kule bondeni, upande wa Muze, mtoto alipona kabisa: wiki tatu hakumgusa mtu, akarudi nyumbani, siku chache tu akampiga mama yake tena. Kwa hiyo, akasema, aliyemtupia yuko nyumbani. Nikamuuliza: kule kwa mganga alikuwa anavuta bangi? Hapana, walimnyima. Alikuwa anakunywa pombe ya kimpumu? Hapana. Baba yake, ambaye akilewa humpiga mama mbele ya watoto, alikuwepo? Hapana, alibaki nyumbani. Basi dawa ya mganga mnaijua tayari. Mtoto alikaa wiki tatu bila bangi, bila pombe na bila kumwona mama yake akipigwa. Kuvurugikiwa akili kunakoletwa na bangi mara nyingi hupungua katika siku au wiki chache mtu akiacha kuvuta, kuwe na uganga au kusiwe. Ng'ombe aliyelipwa mganga hakuongeza kitu.

Kifafa nacho kinawapa waganga sifa wasiyoistahili. Degedege ikishapita, mgonjwa anaweza kukaa dakika kadhaa au zaidi akili haijarudi. Ukimshika au kumzuia anarusha mikono, anauma, anasukuma, na baadaye hakumbuki. Watu wanaona pepo. Tena kifafa huja na kuondoka. Mgonjwa anaweza kukaa miezi bila kuanguka, na yeyote aliyemhudumia katikati ya miezi hiyo anahesabiwa kuwa amemponya. Huku kwetu nyanda za juu, ambako nguruwe wengi hawafungiwi na kaya nyingine hazina choo, kipo chanzo cha kifafa ambacho wazazi hawakifikirii: tegu wa nguruwe. Mtu akila chakula au kunywa maji yenye mayai ya tegu huyo, yaliyotoka katika kinyesi cha binadamu mwenzake, viluwiluwi vyaweza kufika kwenye ubongo na kutengeneza uvimbe. Huyo anahitaji dawa za kifafa kila siku, pengine na kipimo cha picha ya kichwa. Chale hazifiki huko.

Na hasara haiishii kwenye ng'ombe. Wembe mmoja hupita kwenye vifua vya watu kadhaa, na virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini havijali nia njema. Wapo vijana niliowapokea wana vidonda vya minyororo vifundoni. Baya kuliko yote, ramli lazima itaje mtu. Anatajwa shangazi asiye na watoto, au bibi mwenye macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni alizopikia ukoo huo huo kwa miaka mingi. Vikongwe wameuawa katika nchi hii kwa kutajwa hivyo. Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu 1928, inafanya kumsingizia mtu uchawi kuwa kosa, na Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Bado watu wanakuja ofisini kwangu na jina la bibi mdomoni, wanalisema mbele ya mjukuu mwenyewe. Naomba wazazi wanielewe: mkishamtajia kijana mwenye hasira mtu wa kulaumiwa, mmemwonyesha pa kupiga.

Wanaopeleka watoto kwenye maombi siwakatazi. Nawakataza kuacha dawa kwa sababu ya maombi. Wakatoliki wa ukanda huu wanaye Adrian Atiman, aliyefika Karema mwaka 1889 akiwa katekista na tabibu kwa pamoja, akafanya kazi zote mbili kwa miongo mingi na kufariki 1956. Hakuona ubishi kati ya rozari na dawa.

Wapo pia wanaosema dawa ni fimbo, mtoto hajachapwa vya kutosha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya watoto wa Tanzania, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Fimbo haijawahi kuadimika nyumbani kwetu. Kijana aliyefunzwa kwamba mwenye nguvu ndiye anayesikilizwa hungoja tu siku atakapomzidi baba yake nguvu.

Sasa ya kufanya. Hasira ikipanda, usibishane naye, usimfungie, usisimame mlangoni; ongea kidogo na kwa sauti ya chini, mwachie njia ya kutoka. Watoto wadogo wapelekwe kwa jirani mliyekubaliana naye mapema, si usiku wa tukio. Panga, shoka na mchi visilale sebuleni. Akishika silaha, ondokeni nyumbani, piteni kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji na mwite polisi. Kumwogopa mtoto wako si aibu. Mazungumzo yawe kesho yake, akiwa ametulia na hajalewa, na yamhusu yeye na alichokifanya, yasigeuke kikao cha ukoo.

Hospitali siku hiyo hiyo kama amebadilika ghafla na ana homa, maana malaria kali huvuruga akili na huua. Kama ameanguka degedege. Kama aliumwa na mbwa siku za nyuma. Kama anataja kujiua. Kama halali usiku kadhaa, anaongea peke yake au anasikia sauti, mleteni wiki hiyo hiyo, hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Sumbawanga au kituo cha afya kilicho karibu. Dawa ya kifafa haikatwi ghafla hata akionekana mzima: degedege inaweza kurudi mfululizo na kuua.

Kama hana ugonjwa, anayefuata ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Msichana anayempiga mtu mmoja tu ndani ya nyumba, baba wa kambo au mjomba, aulizwe faraghani na mwanamke anayemwamini amefanyiwa nini, kisha muende dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Baba anayempiga mama aache leo, la sivyo mama na watoto wapewe mahali pengine pa kulala, kwa kuwa hakuna nitakachomfanyia kijana wakati kipigo kinaendelea.

Na mnaoniomba niwaandikie barua ya kumpeleka Irambo: shule ya maadilisho iliyoko Mbeya inapokea watoto kwa amri ya mahakama, baada ya kesi chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Muuguzi hana barua hiyo.