Fikira Inayozunguka na Fikira Inayotua

Usiku wa pili nikiwa Hagadera nilisali Isha peke yangu chumbani. Nilipoinuka kwenye sijda nikajiuliza: hii ni rakaa ya tatu au ya nne? Sikujua. Mwili ulirukuu na kusujudu vizuri tu, lakini mimi nilikuwa Mombasa, nabishana na kaka yangu juu ya nyumba ya marehemu baba. Nikafanya kama sisi Mashafii tulivyofunzwa tangu chuoni: nikahesabu tatu, nikaongeza moja, nikaleta sijda mbili za kusahau kabla ya salamu.

Ndugu msomaji, tazama hapo. Sikukusudia kuifikiria nyumba. Fikira za kila siku hazipigi hodi. Unashtukia zimeshakaa sebuleni. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, waliwauliza watu 2,250 kwa programu ya simu, saa yoyote ile: unafanya nini, na unafikiria nini? Wakakuta akili imetoka nje ya lile linalofanywa karibu asilimia 47 ya wakati. Na inapotoka, furaha ya mtu hupungua. Wanazuoni wetu waliliandikia mlango mzima katika fiqhi kabla simu haijazaliwa, lakini tuendelee.

Hagadera nilikwenda kutafsiri katika mafunzo ya wiki moja. Ni kambi iliyoko Fafi, kaunti ya Garissa, iliyofunguliwa 1992 kwa waliokimbia vita vya Somalia. Wako watu wazima waliozaliwa humo na hawajaishi pengine. Wana neno lao huko, buufis, linalotokana na kupuliza, kama unavyojaza upepo kitu. Ni ile hamu ya kuhamishiwa nchi ya mbali ambayo humjaa mtu mpaka mahali alipo pasiwe mahali tena. Anakula hapa, anaishi Minnesota.

Mzee mmoja niliyekuwa nikinywa naye chai ya maziwa baada ya Alasiri alinieleza kwa Kiswahili chake cha Garissa. Mimi nikimwita adeer, yaani ami, kama vijana wa pale. Familia yake ilikuwa ikingoja safari ya Marekani, kisha Januari 2017 ikaja amri ya Trump iliyowafungia mlango raia wa nchi saba, Somalia ikiwemo.

“Adeer, ulifanyaje?”

“Nilifikiri. Miaka sita nilifikiri. Mlango wangu ulikuwa umevunjika bawaba, nikaufunga kwa waya. Kwa nini nitengeneze mlango na mimi naondoka?”

Nikamuuliza ni nini kilichobadilika. Akaonyesha tasbihi yake. Alikuwa akileta uradi baada ya Alfajiri miaka yote, lakini ulimi tu. Siku moja akaamua kuifuata punje kwa punje. Safari inapomjia kichwani, haifukuzi wala haiendi nayo; anaiona, anarudi kwenye punje. “Mwanzo nilirudi mara mia,” akasema, akacheka.

Kwangu mimi tofauti yenyewe iko hapo. Ukiwa katika dhikri, fikira ni zile zile: deni, safari, nyumba ya urithi. Ila mchana unakuwa ndani yake kama samaki ndani ya maji, na pale kwenye mswala unakuwa umekaa ufukweni, unayaona maji. Anayekwambia kutafakari ni kuwa na kichwa kitupu hajawahi kukaa hata robo saa.

Baada ya utulivu huo ndiyo huja tafakuri yenyewe. Imam Ghazali, aliyefariki 1111, ameiwekea kitabu kizima ndani ya Ihyaa, na anaieleza kuwa ni kuleta moyoni maarifa mawili ili yazae la tatu. Nimeifikiria sana kauli hiyo. Fikira ya kila siku haizai. Inalichukua jambo moja na kulizungusha kama ng’ombe wa kinu cha mafuta, jioni yuko pale pale na amechoka.

Yule mzee alikuwa na mawili. Karatasi ya safari haiko mkononi mwangu. Upepo wa vumbi unaingia ndani na wajukuu wanakohoa. La tatu likaja lenyewe: akaenda sokoni Hagadera kununua bawaba. Buufis haikumtoka, alinikiri hivyo. Bado anaulizia habari za Marekani kila wiki.

Usiku wa mwisho nilikaa baada ya Isha na mawili yangu. La kwanza, nina haki katika nyumba ile. La pili, kaka ndiye aliyemwuguza baba miaka mitatu, mimi nikituma pesa tu, na mwaka mzima wa kubishana naye kichwani sikuwahi hata mara moja kumpa nafasi ya kulisema hilo.

Nilimpigia simu nikiwa njiani kurudi. Haikupokelewa. Nimeandika ujumbe, nao umesomwa.