KORONA HUENEA VIPI, NA KWA KASI GANI?



Wengi wetu tuliotoka Beni, Butembo na Ituri tulifundishwa kujikinga na Ebola wakati wa mlipuko wa 2018 hadi 2020. Tulijifunza kutomgusa mgonjwa wala maiti. Mafunzo hayo ni mazuri, lakini kwa korona hayatoshi.

Tofauti ni nini?
Mtu mwenye Ebola haambukizi wengine kabla dalili hazijaanza. Mwenye korona huweza kuambukiza siku 1 au 2 kabla hajasikia homa wala kikohozi. Wengine hawaoni dalili yoyote, na bado huambukiza. Kwa hiyo kumwepuka anayekohoa tu hakutukingi.

Huenea vipi?
Mtu akipumua, akizungumza, akiimba au akikohoa, hutoa matone madogo yenye virusi. Yaliyo makubwa huanguka karibu naye. Yaliyo madogo sana hubaki hewani kama moshi wa sigara. Chumba kikifungwa, moshi hujaa. Dirisha likifunguliwa, hutoka. Ndiyo maana hatari ni kubwa katika chumba kimoja wanamolala watu sita, katika maombi ya usiku milango ikiwa imefungwa, na ndani ya taksi iliyofungwa vioo. Nje, penye upepo, hatari hupungua sana.

Kasi yake je?
Uganda ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 21 Machi 2020, msafiri aliyetoka Dubai. Virusi vya wakati ule, pasipo kinga, mtu 1 aliwaambukiza 2 au 3. Tuhesabu 2 tu: hao 2 wanawapa 4, hao 4 wanawapa 8. Mara ya kumi wanaambukizwa watu 1,024. Kila mara ilichukua kama siku 5, basi hesabu hiyo yote haifiki miezi miwili. Aina ya Omikroni, iliyojitokeza mwishoni mwa 2021, huenea upesi zaidi. Hata hivyo surua inaongoza: mtu 1 huweza kuwaambukiza 12 hadi 18 wasiochanjwa. Wazazi, wapelekeni watoto chanjo ya surua.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023. Virusi havikuisha. Wazee na wenye kisukari, presha au ugonjwa wa moyo bado wamo hatarini zaidi.

Tufanye nini?
1. Fungua mlango na dirisha mchana, na kila wageni wanapokuja.
2. Ukiwa na mafua au kikohozi, vaa barakoa na usimkaribie mzee.
3. Wanaolala chumba kimoja na mgonjwa walaze vichwa upande mwingine, mbali na uso wake.
4. Nawa mikono kwa sabuni.
5. Ukipumua kwa shida, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Vituo vya serikali huwatibu wakimbizi pia.

Tusimfukuze wala kumcheka mgonjwa. Akiogopa atajificha, na akijificha ndani ya chumba kilichofungwa, nyumba nzima itaugua.