Huyu ni Mwana wa Nani?

Somo: Mathayo 1:18–25



Hapa kwetu Kericho na Bomet, jina la mtoto lina habari ndani yake. Kibet alizaliwa mchana. Chepkoech alizaliwa kulipokucha. Kiprono alizaliwa jioni, mbuzi wakirudi nyumbani. Tena kijana wa Kipsigis akiisha kutahiriwa huitwa arap, yaani mwana wa, pamoja na jina la baba yake. Hapo kila asikiaye hujua yeye ni wa nyumba gani.

Lakini wako watoto ambao neno hilo arap huwaumiza. Siku moja msichana mchuma chai alimleta mwanawe abatizwe. Hakuwa na mume. Nilipofika mahali pa jina la baba katika daftari, kalamu ikasimama. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu ni mwana wa nani?" Mama akainamisha kichwa. Nami, mchungaji wake, nikanyamaza. Ukimya ule hunihukumu hata leo.

Sheria ya Kenya nayo ilinyamaza miaka mingi. Mtoto wa nje ya ndoa hakuandikiwa jina la baba katika cheti cha kuzaliwa, ila wazazi wote wawili waombe pamoja. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba jambo hilo lapingana na Katiba.

Sasa tumtazame Yusufu. Mtoto hakuwa wa mwili wake, naye alikusudia kumwacha Mariamu kwa siri. Lakini malaika alimwagiza ampe mtoto jina, akatii, akamwita Yesu. Kwa kumpa jina alimpokea nyumbani mwake, na Mwokozi wetu akahesabiwa katika ukoo wa Daudi.

Ndugu msikilizaji, je, umeoa mama mwenye mtoto? Mwite mwanangu mbele za watu. Je, wewe ni baba uliyekimbia? Rudi, ukalitaje jina lako. Na kama wewe ndiwe mtoto yule, soma Isaya 43:1. Mungu anakujua kwa jina, nawe u wake.

Tuombe. Ee Baba, utusamehe tulivyonyamaza. Utufundishe kuwapokea watoto wako wote, kama Yusufu alivyompokea Mwanao. Amina.