Kuzima pampu ya hewa kwaweza kugeuza mtambo wa majitaka kuwa hatari nyumbani

FAMILIA nyingi zinazojenga nyumba katika viunga vya miji, kuanzia Kitengela na Juja hadi maeneo ya Pwani, hujikuta mahali ambapo mabomba ya umma ya majitaka hayajafika. Kwa miaka mingi suluhisho lilikuwa ni kuchimba shimo la choo au kujenga tangi la chini ya ardhi, kisha kuliita lori la kunyonya majitaka kila linapojaa.

Siku hizi baadhi ya wenye nyumba huchagua mtambo mdogo unaosafisha majitaka kwa nguvu ya hewa. Mtambo huu ukitunzwa vyema hutoa maji yasiyo na uvundo ambayo yanaweza kunyunyiziwa miti na nyasi. Hata hivyo, una sharti moja ambalo wengi hulisahau punde fundi anapoondoka: lazima upate hewa usiku na mchana.

Sababu ni kwamba kazi yote hufanywa na viumbe hai. Ndani ya tangi mna bakteria wasiohesabika ambao hula uchafu na kuugeuza kuwa maji, hewa ya kaboni na tope. Bakteria hawa huhitaji oksijeni jinsi samaki anavyoihitaji. Wakiikosa hudhoofika na kufa, na nafasi yao huchukuliwa na wale wasiohitaji hewa, ambao hufanya kazi polepole na kuacha harufu ya mayai yaliyooza.

Maarifa haya si mageni. Mnamo 1914, wataalamu wawili wa Manchester nchini Uingereza, Edward Ardern na William Lockett, walionyesha kwamba majitaka yakipulizwa hewa, na tope linalotua likihifadhiwa ili kusafisha majitaka mengine, kazi iliyochukua wiki kadhaa hukamilika kwa muda wa saa chache. Mitambo mingi mikubwa ya miji duniani hutumia njia hiyo, na mtambo wa nyumbani ni mdogo wake.

Majitaka kutoka chooni, bafuni na jikoni huingia kwanza katika chumba ambapo vitu vizito hutua na mafuta huelea. Kisha huingia katika chumba cha hewa, ambapo pampu husukuma hewa kupitia bomba hadi chini ya tangi na kutoa viputo. Baadaye hutulia katika chumba cha tatu ili tope lishuke chini. Mwisho hupitia dawa ya klorini ya kuua viini kabla ya kutolewa nje.

Hapo ndipo mtambo huu unapotofautiana na tangi la kawaida, pamoja na baiodaijesta nyingi zinazouzwa nchini. Hizo hutegemea bakteria wasiohitaji hewa, na kwa hivyo hazitumii umeme. Mwenye mtambo wa hewa hawezi kuutunza kwa mazoea ya tangi la kawaida.

Gharama ya umeme ndiyo huwashawishi wengi kukosea. Pampu ya wati 80 ikifanya kazi kwa saa 24 hutumia karibu yuniti mbili kwa siku, yaani takribani yuniti 58 kwa mwezi. Anayeona tokeni zikiisha upesi huamua kuizima usiku, au hata kuiwasha tu wakati wageni wanapotarajiwa. Akifanya hivyo huwa amenunua mtambo wa bei ghali na kuugeuza kuwa shimo la kawaida. Ubaya zaidi ni kwamba huendelea kunyunyizia maji yale akidhani ni safi.

Umeme ukikatika kwa saa chache, bakteria hustahimili. Ukikatika kwa siku nzima au zaidi, familia yapasa kupunguza matumizi ya maji, na nguo zisubiri kufuliwa hadi umeme urejee. Uvundo unaweza kusikika kwa siku kadhaa baada ya pampu kuwashwa tena, lakini hupungua bakteria wanapoongezeka.

Dalili za afya ya mtambo husomwa kwa pua na macho. Chumba cha hewa kilicho sawa hunukia kama udongo uliolowa mvua, na maji yake huwa na rangi ya kahawia kama chokoleti. Maji meusi yenye uvundo humaanisha hewa haitoshi. Maji mepesi ya kijivu huonyesha bakteria bado ni wachache, hali ya kawaida kwa mtambo mpya. Povu jeupe jingi huletwa na sabuni au uchanga wa mtambo, nalo povu zito la kahawia mara nyingi huashiria kwamba tope limezeeka na kuzidi.

Kuna kipimo rahisi ambacho fundi anaweza kukifanya mbele ya mwenye nyumba. Huchota maji ya chumba cha hewa kwa mtungi wa kioo na kuuacha umetulia kwa dakika 30. Tope linapaswa kushuka chini na kuacha maji maangavu juu. Likijaza zaidi ya nusu ya mtungi, wakati wa kuliondoa umekaribia.

Taa nyekundu ya tahadhari ikiwaka au kengele ikilia, haifai kuizima na kusahau. Hatua ya kwanza ni kuangalia kama umeme unafika kwenye pampu. Ya pili ni kusikiliza: pampu nzima hutoa mngurumo mdogo usiobadilika. Ya tatu ni kuifungua pampu ikiwa imezimwa na kusafisha chujio lake, kwa kuwa vumbi huliziba na kuifanya ipate joto kupita kiasi. Chujio hilo lisafishwe angalau kila baada ya miezi mitatu, na mara nyingi zaidi penye vumbi jingi.

Iwapo pampu yanguruma lakini viputo ni haba, huenda bomba la hewa limepasuka, au tundu za kutolea viputo zimeziba. Maji ya sabuni yakipakwa kwenye maungio ya bomba huonyesha panapovuja kwa kutoa mapovu. Hewa ikiwa dhaifu hata kwenye mdomo wa pampu, yumkini utando wa mpira ulio ndani umechakaa, na fundi anaweza kuubadilisha bila kununua pampu mpya.

Maji yakipanda ndani ya tangi la mwisho, huenda pampu ya kutolea maji imekwama au boya la kuiwasha limenaswa. Katika hali hiyo familia iache kutumia maji hadi fundi afike. Choo kinachovuja mchana kutwa, au mfereji wa maji ya mvua uliounganishwa na mtambo, pia huuzidi nguvu kwa kusukuma tope nje kabla halijatua.

Kinachotiwa chooni na kwenye sinki huamua maisha ya bakteria. Nepi, sodo, vitambaa vyenye unyevu vya kujifuta na mipira ya kondomu haviozi, na huziba njia. Mafuta ya kupikia hugandamana. Rangi, petroli na dawa kali za kung'arisha nguo zikimwagwa kwa wingi huua viumbe wanaosafisha maji. Nguo nazo zifuliwe kidogo kidogo kwa siku kadhaa badala ya kurundikwa Jumamosi moja.

Vidonge vya klorini vitumike vile vilivyotengenezewa majitaka. Vile vya kidimbwi cha kuogelea vinaweza kutoa gesi inayolipuka vinapokaa na unyevu, na kamwe aina mbili zisichanganywe. Hata baada ya dawa, maji hayo hayafai kunywewa wala kunyunyiziwa mboga zinazoliwa mbichi, kama vile nyanya na dania za kachumbari.

Onyo kubwa zaidi linahusu uhai wa binadamu. Mtu yeyote asiingie ndani ya tangi, hata kama ni tupu na hata kumwokoa aliyezirai. Gesi ya haidrojeni salfaidi huua kwa muda mfupi, na kiwango chake kikiwa juu pua hupoteza uwezo wa kuinusa. Vifuniko vifungwe kwa komeo ili watoto wasitumbukie. Tope liondolewe na lori lenye leseni, kwa kawaida kila baada ya miaka mitatu hadi mitano kulingana na idadi ya watu nyumbani.

Utunzaji huu si suala la boma moja pekee. Katika Pwani, ambako nyumba nyingi zimejengwa juu ya miamba ya matumbawe yenye matundu, maji machafu hupenya haraka hadi kwenye visima vya majirani. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara hupita njia hiyo hiyo. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, chini ya sheria ya mazingira ya 1999, ziliweka viwango vya majitaka yanayotolewa katika mazingira, na mwenye mtambo anapaswa kuuliza ofisi ya NEMA iliyo karibu naye kuhusu masharti yanayomhusu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye mtambo wa hewa, ufa huo ni chujio lililojaa vumbi au swichi iliyozimwa usiku, na ukuta huenda ukajengwa na jirani ambaye wanawe wanakunywa maji ya kisima.